Ukifika Komoro, bakiza siku za kasa na volkano

Wafanyabiashara wetu wengi wanaijua Moroni. Wanaijua bandari yake, wanamjua wakala wa forodha anayepokea simu hata usiku, na wanajua bei ya mbuzi na vitunguu inavyopanda kuelekea Idi. Ukiwauliza kuhusu mlima uliosimama juu ya vichwa vyao wanapohesabu marobota, watakwambia wameuona kwa mbali. Ukiwauliza kuhusu kisiwa cha Mwali, watakujibu kwamba kule hakuna biashara.

Gazeti hili linasema biashara iko kule, ila haifungwi kwenye gunia. Tunasema pia kwamba mfanyabiashara wa ukanda huu ana haki ya kupumzika kama mwajiriwa wa ofisini, na kwamba visiwa vya Komoro ni mahali pazuri pa kupumzikia kwa mtu ambaye tayari ana pasi ya kusafiria, ana mteja Moroni, na anazungumza Kiswahili.

Neno likizo kwetu limezoeleka kuwa la wenye mishahara. Mtu wa mpakani ana siku ambazo mzigo umekwama na siku ambazo mzigo umetoka, basi. Siku za kungoja meli anazimaliza barazani, akitazama simu na kunywa chai. Wakati huohuo wageni kutoka Ulaya wanapita pembeni yake wakiwa na mabegi mgongoni, wakienda kuona vitu ambavyo viko karibu naye kuliko walivyo karibu nao. Leo tunataka kumwambia mfanyabiashara huyu kuna nini cha kufanya, kinahitaji nini, na kwa nini fedha atakayoiacha huko ina maana kwake yeye pia.

Jirani wa kilomita 700

Kutoka Dar es Salaam hadi Moroni ni kama kilomita 700 kwa ndege. Visiwa vya Komoro ni vinne, na vyote vilizaliwa na volkano iliyotoka chini ya bahari. Ngazidja, Nzwani na Mwali ndiyo nchi ya Muungano wa Komoro, iliyopata uhuru Julai 6, 1975. Cha nne, Maore, kiko chini ya Ufaransa na kina viza yake tofauti kabisa. Hapa tuseme wazi mapema: mtu akikwambia kuna boti ya njia ya panya kutoka Nzwani kwenda Maore, mkatalie. Watu wengi mno wamefia katika mkondo ule.

Lugha si kikwazo. Kikomoro na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na mtu wa Pwani ataokota maneno tangu siku ya kwanza. Ila ajihadhari na maneno pacha. Ukimpa muuzaji wa Moroni fedha yake naye akakuitikia "marahaba", hujamwamkia shikamoo bila kujua. Anakushukuru.

Ngazidja: mlima ulio hai

Kazi ya kwanza ya mgeni wa Ngazidja ni kuupanda mlima Karthala, wenye mita 2,361. Hii ni volkano hai. Ililipuka Aprili na tena Novemba 2005, kisha ikarudia 2006 na 2007. Mwaka ule wa 2005 majivu yaliangukia vijiji na kuchafua matangi ya maji ya mvua. Hilo lilikuwa pigo kubwa, kwa sababu Ngazidja haina mto wa kudumu hata mmoja: mvua inyeshayo huzama mara moja katika miamba yenye matundu, na watu wengi hutegemea maji wanayoyakinga kutoka paani. Mfanyabiashara wa Goma, aliyeishuhudia Nyiragongo ikimwaga moto Mei 2021, hahitaji kuelezwa maana ya kuishi chini ya mlima wa namna hii.

Safari ya Karthala huchukua siku mbili kwa watu wa kawaida: kupanda, kulala juu, na kushuka. Hupandi bila kiongozi wa pale. Ukungu hushuka ghafla na njia hupotea, na juu hakuna maji, hivyo unabeba yako yote. Unapita kwenye mashamba ya migomba, unaingia msituni, kisha miti inakwisha na unatokea ukingoni mwa shimo kubwa lenye upana wa kilomita tatu hadi nne, ambalo ndani yake kuna kasoko zinazotoa mvuke. Katika msitu wa mlima huu wanaishi ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mmoja ni bundi mdogo wa Karthala. Kwetu wengi humwona bundi kuwa mkosi. Huko watu wanavuka bahari na kulipa fedha ili wamsikie akilia.

Asiye na magoti ya kupanda mlima asikate tamaa. Kaskazini mwa kisiwa kuna ziwa la maji ya chumvi lililojaa ndani ya kasoko ya zamani, hatua chache kutoka baharini. Ndani ya Moroni kwenyewe kuna mji wa kale wenye vichochoro vinavyomkumbusha mtu Lamu au Mji Mkongwe, na msikiti wa Ijumaa uliokaa ukingoni mwa bandari ya majahazi. Hayo yote mtu anaweza kuyaona huku mzigo ukiwa bado forodhani.

Mwali: usiku mmoja na kasa

Hata hivyo, kama una siku tatu tu za kutumia, sisi tunakushauri uzipeleke Mwali. Ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote vinne na ndicho kilichohifadhi wanyama wengi zaidi. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilikuwa ya kwanza nchini Komoro, na baadaye ikapanuliwa hadi nchi kavu. Mwaka 2020 UNESCO ilikiingiza kisiwa chote katika orodha yake ya hifadhi za baiyoanuwai.

Kijiji cha kufikia ni Itsamia, upande wa kusini mashariki. Kasa wa kijani hupanda kwenye fukwe zake kutaga, na hufanya hivyo miezi yote ya mwaka. Wanakijiji wenyewe ndio walinzi, ndio viongozi wa wageni, na ndio wenye vibanda vya kulala. Unakula chakula chao, unapumzika kidogo, kisha usiku bahari inapojaa unaitwa. Unatembea gizani nyuma ya kiongozi mpaka anapokuonyesha ishara ukae chini.

Kuna adabu yake. Tochi nyeupe hairuhusiwi, wala mwanga wa kamera. Kasa akiona mwanga au kusikia kelele kabla hajaanza kutaga, hugeuka na kurudi baharini na mayai yake. Unangoja amalize kuchimba na mayai yaanze kushuka, ndipo unasogea kwa nyuma. Mara moja hutaga mayai kama mia moja na zaidi, huyafukia kwa mapezi yake, kisha hujikokota kurudi majini huku akipumua kwa nguvu kama mpagazi aliyetua gunia. Baada ya miezi kama miwili watoto hutoka mchangani na kukimbilia baharini. Ni wachache sana watakaofikia umri wa kuzaa, na watakaofika watahitaji miaka ishirini, thelathini au zaidi.

Mchana mtu anakwenda Nioumachoua, upande wa kusini, ambako visiwa vidogo kadhaa vimekaa mbele ya kijiji. Boti ya mvuvi inakupeleka. Ukivaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia utaona matumbawe, samaki wa kila rangi, na mara nyingi kasa akila nyasi za bahari bila kukujali. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea maisha na abaki kwenye maji ya kiunoni, bado ataona. Kati ya Julai na Oktoba hupita nyangumi wenye nundu, wanaotoka maji baridi ya kusini kuja kuzaa na kunyonyesha. Nguva wamebaki wachache mno, na mgeni asidanganywe kwamba ataonyeshwa nguva kwa hakika.

Popo wa Livingstone na miti ya langilangi

Mwali na Nzwani vina mnyama mwingine wa ajabu: popo mkubwa mweusi mla matunda, ambaye mabawa yake yakitandazwa hukaribia mita moja na nusu. Amepewa jina la David Livingstone, yuleyule wa Ujiji. Hayupo popote duniani isipokuwa katika visiwa hivi viwili, na wanakadiriwa kubaki elfu moja na kitu tu. Huning'inia mchana kutwa kwenye miti mirefu ya mabonde yenye mteremko mkali. Unapanda na kiongozi asubuhi, unakaa ng'ambo ya bonde, unawatazama wakijipepea kwa mabawa. Msitu huohuo una lemuri, mnyama wa jamii ya komba.

Popo huyu ana uhusiano na biashara. Nzwani ni kisiwa cha karafuu, vanila na langilangi, na mafuta ya langilangi ya Komoro huingia katika manukato yanayouzwa dunia nzima. Kuyachuja mafuta hayo kunahitaji moto wa saa nyingi, na moto unahitaji kuni. Miti inayokatwa kwa ajili ya kuni na mashamba ndiyo nyumba ya popo, na ndiyo inayoshikilia maji ya mito. Mgeni anayelipa kuona msitu ukiwa umesimama anampa mwanakijiji sababu ya kutoupeleka wote kwenye jiko. Ukitembelea kiwanda kidogo cha kuchujia langilangi, jambo ambalo ni raha kwa pua ya mfanyabiashara yeyote, uliza wanatumia kuni kiasi gani. Swali la mteja husikika.

Samaki aliyefufuka

Kuna kiumbe mmoja ambaye mgeni hatamwona akiwa hai, kwa kuwa hukaa kwenye kina cha giza, lakini hadithi yake imeenea visiwa vyote. Wakomoro humwita gombessa. Watanzania tumezoea kumwita silikanti. Wataalamu waliamini samaki huyu alikwisha duniani pamoja na mijusi wakubwa wa kale, hadi mwaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Wa pili alitafutwa miaka 14, akapatikana Desemba 1952 kwa mshipi wa mvuvi wa Nzwani. Wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote, na hawakumpenda sana kwa kuliwa. Timu ya taifa ya mpira ya Komoro, ile iliyoifunga Ghana mabao 3-2 katika Kombe la Mataifa ya Afrika Januari 2022, imejipa jina lake.

Tangu mwaka 2003 silikanti wamenaswa pia katika nyavu za Kilwa na Tanga, na mwaka 2009 Tanzania ikatangaza hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga. Samaki mmoja, nchi mbili, bahari ileile.

Kasa ni mvuka mpaka mwenzetu

Hapo ndipo ulipo msimamo wetu. Kasa waliofungwa vifaa vya satelaiti baada ya kutaga katika visiwa vya eneo hili wamefuatiliwa hadi pwani za Madagaska, Msumbiji na Tanzania, ambako huenda kula. Kwa hiyo kasa anayelindwa usiku kucha na kijana wa Itsamia anaweza kuingia kesho kutwa katika wavu wa mtu wetu. Akifia humo, kijana yule amefanya kazi ya bure. Na sisi tumeua mtaji wa jirani bila hata kujua jina lake.

Tufanye hesabu ya dukani. Kasa aliyechinjwa hulipa mara moja, na nyama yake huisha siku hiyohiyo. Kasa aliye hai hupanda pwani mara kadhaa katika msimu mmoja, hupumzika miaka michache, kisha hurudi kutaga katika fukwe zilezile kwa miaka mingi. Kila usiku anaopanda kuna mgeni aliyelipa kitanda, chakula, kiongozi na boti. Hakuna mfanyabiashara anayekula mbegu akiwa na shamba lililolimwa. Hata hivyo ujangili wa nyama ya kasa haujaisha Komoro, na kwetu pia haujaisha.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni kwa msomaji mwenyewe. Usinunue nyama ya kasa, hata ukikaribishwa kwa siri kama mgeni wa heshima. Usinunue bangili wala kitana cha gamba la ng'amba, na usikubali kumbebea mtu kifurushi chenye vitu hivyo. Biashara ya magamba hayo kuvuka mipaka imepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa, na kisingizio cha kutojua hakitakuokoa forodhani. Shehena yako yote inaweza kuzuiwa kwa sababu ya bangili moja.

Mambo ya kupanga kabla

Tunajua msomaji wetu hasafiri bila hesabu. Nenda kati ya Mei na Oktoba, miezi yenye mvua kidogo. Kuanzia Desemba hadi Aprili kuna mvua kubwa na hatari ya vimbunga. Kenneth alipita karibu na Ngazidja Aprili 2019 kabla ya kuipiga Msumbiji. Kwa desturi viza hutolewa mgeni anapofika, lakini thibitisha kabla ya kukata tiketi, na beba cheti chako cha chanjo ya homa ya manjano. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, takriban faranga 492 kwa yuro moja, hivyo beba yuro taslimu. Kadi ya benki haitakusaidia Itsamia. Hii ni nchi ya Kiislamu: vaa kwa staha vijijini, na panga safari yako ukijua Ramadhani inaangukia lini.

Usafiri kati ya visiwa ndio sehemu ngumu. Ndege ndogo na boti huahirishwa, kwa hiyo weka siku mbili za akiba kabla ya tiketi yako ya kurudi nyumbani. Na usiendeshwe na haraka. Februari 2022 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Mwali ilianguka baharini ikiwa na watu 14. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, au haina maboya, ngoja nyingine. Mzigo hufidiwa, mtu hafidiwi.

Lipa ada ya hifadhi na udai risiti, kama unavyodai forodhani. Mlipe kiongozi wa kijiji moja kwa moja. Bei ya boti mpatane kabla ya kupanda, kwa ukarimu. Usibishane na mvuvi kama unavyobishana na muuza jumla.

Wajibu wa serikali

Neno la pili ni kwa wakubwa wetu. Komoro iko ndani ya COMESA na SADC, lakini iko nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania, jirani wa karibu kwa biashara hii, ilijitoa COMESA mwaka 2000 na inakutana na Komoro ndani ya SADC. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zinakutana nayo COMESA. Mfanyabiashara mdogo anaangukia katikati ya karatasi hizo zote.

Ndani ya Jumuiya tumeshaonyesha kwamba mambo yanaweza kurahisishwa. Bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani zinapita kwa cheti rahisi cha uasilia. Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii mwaka 2014. Tunaomba fikra hiyohiyo ivuke maji. Kwanza, mazungumzo na Moroni juu ya kibali chepesi cha safari kwa wafanyabiashara wadogo, kitakachowapa siku za kazi na siku za mapumziko bila malipo mawili. Pili, viwango vya pamoja vya usalama wa meli na boti zinazobeba watu kati ya pwani yetu na visiwa. Tatu, doria na elimu juu ya nyavu zinazoua kasa na silikanti, zikisimamiwa kwa pamoja na pande zote mbili.

Nao ndugu zetu wa Komoro tunawaomba wabandike ada za hifadhi na nauli za boti mahali pa wazi, kwa Kikomoro na Kiswahili, badala ya Kifaransa peke yake. Mgeni anayetoka Tanga au Bujumbura naye ni mtalii. Asipimwe kwa rangi ya pasi yake wala kwa ukubwa wa begi lake.

Mfanyabiashara, safari ijayo ukishakabidhi mzigo na kuhesabu fedha, usikimbilie tiketi ya kurudi. Ulizia usafiri wa Mwali. Kaa mchangani usiku mmoja, kimya, bila tochi. Ukirudi nyumbani utakuwa na jambo la kuwasimulia watoto mbali na bei ya vitunguu, na yule kijana wa Itsamia atakuwa amepata posho ya kukesha usiku mwingine.